Hivi waandishi wa enzi za Malkia Victoria waliwatetea maskini kweli, au waliwalilia tu?

Kibatari (mleta mada)

Wakuu, juzi usiku nimemaliza Oliver Twist, riwaya ya Mwingereza Charles Dickens, nikalala na hasira.

Mwanzo wake sina neno. Nyumba ya kazi, yaani makao ya kutunzia maskini, uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki, nusu ya mkate mdogo Jumapili. Watoto wanakwangua bakuli kwa kijiko mpaka linang'aa, hata haja ya kuliosha haipo. Hapo Dickens kanipata.

Halafu? Oliver kazaliwa humo humo, kalelewa kwa makofi, lakini anaongea Kiingereza kilichonyooka kama mtoto wa bwana. Mwishoni tunaambiwa kumbe damu yake ni ya watu wa heshima, ana urithi, na mzee mwenye nazo anamchukua amlee. Je, wenzake waliobaki na mabakuli yao? Kimya!

Sasa naomba kuelimishwa. Hawa waandishi walikuwa wanagombana na mfumo, au walikuwa wanawapa matajiri nafasi ya kulia kidogo kisha wakalale vizuri?

Nyangumi_mkavu

Mkuu, weka na tarehe mezani. Sheria mpya ya maskini ilipita 1834. Ilitaka maisha ya ndani ya nyumba za kazi yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa wa nje, ili mtu aogope kuomba msaada. Mume huku, mke kule. Oliver alianza kutoka vipande vipande kwenye jarida 1837, sheria ingali mbichi. Rudi sura ya pili, Dickens anawasifu wakubwa wa bodi inayosimamia nyumba hiyo kwa huruma yao ya kuwaachanisha maskini waliooana, wasije wakaingia gharama za mahakama. Ile ni kejeli ya mtu mwenye hasira, siyo ya mliaji.

Mama Kurasa

Kibatari mwanangu, hasira yako naijua. Mimi niliipata kwa Mary Barton ya Elizabeth Gaskell, ya 1848.

Wafanyakazi wa viwanda vya Manchester wamegoma, wamekonda, nguo zimechanika. Wajumbe wao wanakwenda kuonana na matajiri. Katikati ya kikao, kijana wa tajiri mmoja, Harry Carson, anawachora kwa dhihaka na matambara yao, anawapitishia wenzake wacheke, kisha anaitupa ile karatasi motoni. Haifiki. Mfanyakazi mmoja anaiokota. Usiku wanakutana, na karatasi hiyo hiyo ndiyo wanayoichana vipande ili wapige kura nani amuue yule kijana. Mimi nilifunga kitabu nikakaa kimya kwanza.

Sasa mwisho wake: muuaji anakufa mikononi mwa baba wa marehemu, wamesameheana, na vijana wanapandishwa meli kwenda Canada. Canada! Kwamba Manchester imeshindikana, basi tuhame. Miaka mingi nilimhesabu Gaskell kuwa mwoga.

Kilichonibadilisha ni bei. Riwaya mpya ya juzuu tatu iliuzwa shilingi 31 na peni 6. Nani angenunua? Watu walikuwa wanaazima. Charles Mudie wa London alikuwa na maktaba ya kulipia, gini moja kwa mwaka, yaani shilingi 21, unachukua juzuu moja moja. Akikikataa kitabu kwamba hakifai kusomwa sebuleni mbele ya mabinti, mwandishi na mchapishaji wake wameumia.

Na Gaskell alipothubutu zaidi, aliunguzwa. Mwaka 1853 alitoa Ruth, habari za mshonaji aliyezalishwa akaachwa, naye hamlaani. Wanaume wawili wa kanisa ambalo mumewe mwenyewe alikuwa mchungaji wakakichoma moto. Hata hivyo mwishoni Ruth anakufa akiuguza wagonjwa, na mwandishi mwenzake Charlotte Brontë alimlalamikia kwa barua: kwa nini afe?

Nichekeshe kidogo. Mwaka 1891 Thomas Hardy anatoa riwaya yake Tess kwenye gazeti la The Graphic. Kuna Jumapili njia imefurika, wasichana wanne wa kukamua ng'ombe wanakwenda kanisani, Angel Clare anawabeba mmoja mmoja mikononi kuwavusha, Tess wa mwisho. Mhariri akaona hiyo ni hatari kwa familia. Hardy akalazimika kumpa Angel toroli. Toroli! Wasichana wanavushwa kama magunia. Kitabu kamili kilipotoka mwaka huo huo, akalitupa toroli, akarudisha mikono.

Kwa hiyo mimi siku hizi mwisho wa riwaya hizi nauona kama nauli. Naangalia mwandishi kapitisha nini katikati.

Ila kuhusu "kimya", hapo nakukatalia. Dick umemsahau?

Sindano

Mimi ni fundi cherehani, fasihi nasoma kwa kupenda. Tafuta shairi la Thomas Hood kuhusu shati, lilitoka kwenye jarida la vichekesho la Punch Krismasi ya 1843. Mwaka huo mjane mmoja wa Lambeth, London, alifikishwa mahakamani kwa kuweka rehani nguo za tajiri alizopewa kushona. Kwenye shairi mama anasinzia juu ya vifungo, anaendelea kuvishona ndotoni. Hilo mimi limenitokea, msinicheke. Na hakuna mzee tajiri wa kumwokoa. Ubeti wa mwisho unarudia wa kwanza, na yeye bado anashona.

Kibatari

Mama, toroli limenivunja mbavu. Sindano, asante, shairi nimelipata, nalisoma leo.

Kuhusu Dick nimerudi kuangalia. Ni yule mtoto mgonjwa aliyemkumbatia Oliver getini alipokuwa anatoroka, akamtakia baraka. Sura ya 51 Oliver anarudi na gari la farasi, anapanga jinsi atakavyomchukua Dick, amvishe, amsomeshe, ampeleke mashambani apate nguvu. Halafu Dickens anafunga sura kwa sentensi moja fupi: maskini Dick alikuwa ameshakufa.

Niliipita. Nilikuwa na haraka ya kujua habari za urithi.