Mrejesho: mishale iliyokuwa ikienda kushoto

Wakuu, niliuliza kwa nini mishale yangu inaangukia kushoto na chini, nami navuta kwa mkono wa kulia. Mlionijibu kwamba naushusha mkono wa upinde mapema, na vidole vinaichomoa kamba kwa nje, mmelenga penyewe. Nimebandua karatasi ya shabaha, nasimama hatua chache tu kutoka kwenye marobota ya kupokea mishale, nafumba macho, navuta kwa misuli ya mgongo. Ukiachia vizuri, mkono wa kulia unateleza wenyewe chini ya sikio hadi shingoni, wa kushoto unabaki juu mpaka mshale ugonge. Fundi viatu wa Kariakoo kanishonea mkanda wa mkononi unaozuia upinde usianguke, kwa hiyo siukabi tena upinde. Mita 18 mishale inakaa pamoja. Mita 70 za Olimpiki, na upepo huu wa Kigamboni? Tuziache kwanza.