Dekstopu ya steshenari haiwaki baada ya apdeti, msaada kabla sijapiga (kusakinisha) Windows upya

Steshenari_Makole
Wakuu habari za jioni. Nina dekstopu used, i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, diski ya SSD ya GB 256, Windows 11 Pro. Jana wakati wa kufunga ofisi iliomba apdeti, nikabonyeza "Update and shut down". Ikiwa bado inahesabu asilimia, umeme ukakatika mtaa mzima. Leo inawaka hadi nembo, vidoti vinazunguka kidogo, inakuja skrini ya bluu yenye maandishi INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, halafu inajizima na kuanza upya. Ikisharudia hivyo inaleta "Automatic Repair" na kusema imeshindwa. Fundi wa jirani anasema dawa ni kupiga Windows tu. Ndani kuna skani za vyeti na barua za wateja, bakapu sina. Hakuna njia nyingine?

Fundi_Nkuhungu
Usipige Windows kwanza. Huo ujumbe maana yake Windows ilianza kupanda vizuri, ilipofika pa kuishika diski yake ikaikosa. Faili huenda ziko palepale.

Washa huku unagongagonga F2 (mashine nyingine ni F10 au Delete) uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayosomwa kabla ya Windows. Usibadilishe kitu, soma tu: tarehe inasema mwaka gani? Jina la SSD linaonekana? Na palipoandikwa "SATA Operation" au "SATA Mode" pana AHCI au RAID? Hizo ni namna mbili za mashine kuwasiliana na diski.

Tarehe naiuliza kwa sababu hii. Kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani) kuna betri ndogo ya duara inayotunza saa na mipangilio ya BIOS. Dekstopu ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiizima, kuna umeme kidogo unaopita na kuisaidia hiyo betri. Kwa hiyo betri inaweza kuwa imekufa zamani na wewe usijue, mpaka siku umeme ukatike kabisa. Hapo BIOS inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Sasa dekstopu nyingi za ofisini zinazoingia used, mpangilio wa kiwandani ni RAID, ila aliyekupigia Windows aliiweka AHCI. Windows wakati wa kuwaka hupakia draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya diski iliyozoea kuitumia. Ukibadilisha AHCI kuwa RAID inahitaji draiva nyingine ambayo haijaandaliwa kupanda mapema hivyo. Matokeo yake ndiyo hayo maandishi unayoyaona. Apdeti inabeba lawama, na pengine haihusiki.

Kama SSD haionekani kabisa, zima, chomoa waya wa umeme, fungua kava, toa kebo ya SATA ncha zote mbili uirudishe kwa kuikandamiza. Peperusha vumbi ukiwa umefungua; kiangazi cha huku kinajaza kesi haraka.

Bi_Seva
Naunga mkono, ila nyongeza moja kabla hajagusa BIOS: kama diski imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga data za diski kwa ufunguo), kubadilisha mipangilio kunaweza kuleta skrini ya kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kama Windows iliunganishwa na akaunti ya Microsoft, ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu, tafuta kifaa chako, ufunguo huhifadhiwa humo. Uandike kwenye karatasi kwanza. Kama ulitumia akaunti ya kawaida ya ndani ya mashine na hukuwahi kuwasha BitLocker mwenyewe, uwezekano wa kuulizwa ni mdogo.

Na okoa faili kabla ya matengenezo yoyote, inawezekana hata Windows ikiwa haiwaki. Pale "Automatic Repair" inaposhindwa, bonyeza "Advanced options", kisha "Troubleshoot", "Advanced options" tena, "Command Prompt" (dirisha la kuandikia amri). Andika `notepad` ubonyeze Enter. Likifunguka, nenda "File", "Open", chini badilisha kiwe "All Files". Hicho kidirisha kinafanya kazi ya kuonyesha mafolda: bofya kulia kwenye folda, "Copy", nenda kwenye flashi, "Paste". Hakionyeshi maendeleo ya kunakili, kinaganda tu mpaka kimalize, usikifunge. Kwa folda kubwa afadhali amri:

`robocopy D:\Users E:\Bakapu /e /xj /r:1 /w:1`

D hapo ni diski ya Windows, E ni flashi. Herufi hizo humo ndani mara nyingi hazifanani na ulizozoea, kwa hiyo hakiki kwa `dir C:\` na `dir D:\` uone folda ya Windows iko wapi. Kama herufi zote zinakataa kusoma, diski haishikiki, rudi kwenye swali la Fundi la AHCI.

Steshenari_Makole
Asanteni sana. BIOS inasema mwaka 2018! SSD inaonekana kwa jina. SATA Operation iko "RAID On". Akaunti ni ya kawaida, BitLocker sijawahi kuigusa. Notepad inafunguka ila diski haimo, naona flashi tu.

Fundi_Nkuhungu
Basi tumeipata. Weka AHCI, rekebisha tarehe na saa, hifadhi, toka. Ikiwaka itaendelea na apdeti au itaandika kwamba inarudisha mabadiliko. Iache hata kama ni saa nzima, usiizime kwa kitufe.

Bi_Seva
Ikitokea SATA iko sawa na bado bluu ileile, hapo ndipo apdeti iliyokatikia njiani inashukiwa. Jaribu "Uninstall Updates", uchague ile ya "latest quality update". Ikigoma, kwenye Command Prompt:

`dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions`

Hiyo inafuta kazi za apdeti zilizobaki kiporo. Wapo wanaokimbilia `chkdsk /r` kama hatua ya kwanza. Hiyo inasoma diski nzima sekta kwa sekta, na diski iliyochoka inaweza kuzimikia hapohapo. Iwe ya mwisho, faili zikiwa zimeshatoka.

Steshenari_Makole
Imewaka! Ilizunguka kama dakika ishirini, ikafika kwenye desktop, kila kitu kipo. Betri nanunua ipi?

Fundi_Nkuhungu
CR2032, volti 3. Usipewe CR2025 wala CR2016, upana ni uleule wa milimita 20 ila ni nyembamba, hazibani vizuri kwenye kikalio. Kama muuzaji ana mita, mpya isome 3.0 hadi 3.3, ikiwa chini ya 2.8 iache. Chomoa waya wa umeme, sukuma kile kibanio cha pembeni kwa bisibisi bapa, itaruka yenyewe. Mpya iingie upande wa jumlisha ukitazama juu. Ukimaliza rudi BIOS uweke tarehe na AHCI tena, maana kuitoa betri kumefuta. Tarehe ikibaki ya nyuma, tovuti nyingi zitakataa kufunguka zikilalamikia usalama, na wateja wako wa maombi ya mtandaoni watakwama.

Zabibu_Dom
Kwa steshenari ongeza UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), hata ya VA 650. Dekstopu na skrini zitapata dakika kadhaa za kumaliza kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza usiichomeke kwenye matundu ya betri ya UPS: ikipasha moto inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, UPS inapiga kelele na kuzima kila kitu. Ichomeke ukutani. Na apdeti ifanye asubuhi unapofungua, siyo jioni wakati mtu ana haraka ya kwenda stendi. Windows 11 inakuruhusu kuisimamisha hadi wiki 5, "Settings", "Windows Update", "Pause updates".