Mafuta yakimwagika Chongoleani, nani afike kwanza?

Wakuu, wapo wanaosema mpango wa dharura ya kumwagika kwa mafuta ni kazi ya serikali na kampuni, wavuvi wakae pembeni. Mimi napinga.

Bomba la EACOP, lile la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, ni kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta yake yana nta nyingi, ndiyo maana yanapashwa joto la nyuzi 50 njia nzima yasigande. Sasa yaangukie kwenye maji ya Tanga wakati meli inapakia: yatashikana mabonge. Dawa za kutawanya mafuta hazifui dafu kwenye kitu kilichoganda, na pampu nyingi za kunyonya huziba. Inabaki nyavu, ndoo na mikono, tena mapema kabla hayajaingia kwenye mikoko. Usiku wa kusi, boti ya kutoka Dar itafika saa ngapi? Mvuvi wa pale yuko majini tayari, na anajua maji yakijaa taka zinasukumwa upande gani.

Angalieni Mauritius. Meli ya mizigo Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020, mafuta yakaanza kuvuja tarehe 6 Agosti. Mpango wa taifa ulikuwepo, umeandikwa. Bado ni wananchi waliojaza majani ya miwa kwenye vitambaa, wakashona vizuizi vya kuelea wao wenyewe.

JIBU: Kaka, hao hao waliojitolea walikuwa wanavuta mvuke wa mafuta, na serikali yao ikawaomba waiachie mamlaka kazi hiyo. Mvuvi bila glavu wala barakoa tunamtafutia maradhi. Na wavu ukishalowa mafuta ndiyo basi tena. Nani atamlipa?

Dada, ndiyo maana nataka mambo haya yaingie kwenye mpango sasa, kabla ya meli ya kwanza kupakia. BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) ziwe na majina ya watu waliofunzwa, vifaa vya kujikinga na vizuizi vikae Chongoleani kwenyewe, mazoezi yafanyike majini, siyo ukumbini. Bei ya wavu ikubaliwe mapema. Kuhusu malipo, Tanzania imo kwenye Mfuko wa Kimataifa wa 1992 unaofidia hasara ya mafuta yanayomwagika kutoka meli za mafuta, lakini mdai lazima aonyeshe hasara yake. Mama anayelima mwani anauza kwa mkono, hana risiti wala daftari. Atathibitisha vipi? Wa Tanga na Pemba, hapo mnasemaje?