Tupeane uzoefu: wakaguzi wa hesabu wakija kazini, wanafanya nini hasa?

Mwana Chumbageni
Wakuu, mwaka wa hesabu ukifungwa tu, viwandani na kwenye mashamba ya mkonge hapa Tanga minong'ono ni ileile: "Wakaguzi wanakuja, nani kaiba?" Mkaguzi wa nje haji kumsaka mwizi, ingawa akimkanyaga mkia ataandika. Wenye hisa na benki iliyokopesha hawashindi ofisini kwenu, hivyo wanataka mtu asiyekula mshahara wa kampuni aseme kama hesabu zinalingana na hali halisi. Wenye fani, mwageni ujuzi.

Leja Haidanganyi
Hutangulia barua yenye orodha: taarifa za benki na usuluhishi wake (kulinganisha salio la benki na la vitabu vyenu), wadaiwa na wadai, mikataba, rejesta ya mali, mihutasari ya bodi. Hawasomi kila vocha (hati ya malipo), wanachukua sampuli. Ndiyo maana moja ikikosekana haihesabiwi kuwa moja: mkaguzi anajiuliza ni ngapi zimepotea kati ya zile ambazo hakuzichagua. Faili likiruka kutoka vocha 117 hadi 119, hapo ndipo siku inapoishia. Vocha iliyoharibika usiichane. Ipige mistari miwili, andika "IMEFUTWA", iache mahali pake. Risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) nazo hufifia kwa joto letu hili la pwani, na kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5. Toa kopi siku ileile.

Stoo ya Raskazone
Stoo ndipo wengi wanapoumbuka. Chukua ghala la singa, yaani nyuzi za mkonge, robota moja kilo 250. Mkaguzi anachagua marobota kwenye leja akayatafute sakafuni, kisha anageuza: anachagua ya sakafuni akayatafute kwenye leja. Njia ya kwanza hunasa mali hewa, ya pili hunasa mali isiyoandikwa. Rundo atalizunguka na kupanda juu, kwa sababu rundo la 5 kwa 5 kwenda juu 4 linasomeka marobota 100 hata kama katikati ni tupu. Siku ya kuhesabu hakuna kuingiza wala kutoa mzigo. Andika pembeni namba ya mwisho ya hati ya kupokelea na ya dilivari noti. Lori lililotoka jioni kwenda bandarini na bado linasomeka kwenye leja ndilo chanzo cha nusu ya ugomvi wa stoo. Madaraja ya ubora wa singa yasichanganywe pia, bei zake haziko sawa.

Kijana wa Mashine
Mie sishiki hela wala funguo. Wataniuliza nini?

Dada wa Peti Kashi
Mdogo wangu, watakuuliza kazi yako inaendaje: nani anakupa oda, nani anasaini, bosi akisafiri inakuwaje. Jibu unachofanya, siyo kilichoandikwa kwenye mwongozo. Hujui? Sema hujui na umtaje anayejua. Kwenye mishahara wanalinganisha jina, mkataba, namba ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na akaunti ya benki. Majina mawili akaunti moja, jiandaeni kwa maswali.

Kwa makeshia: kisanduku cha peti kashi (hela ya matumizi madogo) kinahesabiwa bila taarifa, ukiwepo wewe, na usiondoke hadi msaini wote. Tuseme kiwango kinachotakiwa kuwemo ni 500,000. Vocha 342,000, taslimu 108,000, na kikaratasi cha "bosi kachukua 50,000". Jumla inatimia, lakini kikaratasi hicho si vocha na kitaandikwa. Usikimbilie kuongeza hela yako mfukoni, maana ziada nayo ni hoja, yaani dosari ya kuandikwa na mkaguzi.

Leja Haidanganyi
Naongezea. Kosa baya kuliko karatasi kupotea ni kuitengeneza usiku wa kuamkia ukaguzi. Vocha za Machi, Juni na Septemba zenye wino mmoja na mkunjo mmoja zinajitangaza zenyewe. Na barua za kuthibitisha salio hujibiwa na benki na wadaiwa moja kwa moja kwa mkaguzi, hazipiti kwenu, kwa hiyo hakuna pa kurekebishia.

Mwana Chumbageni
Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, ila hawa wanaweza kukaa wiki mbili. Wakimaliza je?

Leja Haidanganyi
Kuna kikao cha kufungia, hoja zinasomwa. Nyaraka iliyopatikana ipelekwe hapo hapo, kabla hoja haijaingia kwenye barua kwa menejimenti. Zinazobaki zinajibiwa kwa maandishi: nani atarekebisha, na lini. "Tutalifanyia kazi" lisilo na tarehe litakukuta mwakani, kwa sababu faili la kwanza wanalofungua wakirudi ni la hoja za mwaka uliopita.