Nafundisha kinanda nyumbani Tudor, jirani anataka kuniletea kanjo. Nahitaji kibali gani?

Mwalimu wa Tudor

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Nimepanga ghorofa ya pili hapa Tudor, Mombasa. Mkataba wangu wa shule uliisha, nikahamishia somo sebuleni. Nina wanafunzi saba wa kinanda na fidla, wengi watoto wanaojiandaa na mitihani ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, na kijana mmoja wa kidato cha nne mwenye muziki kwenye KCSE. Kila mmoja huja saa moja kwa wiki, shilingi 1,000. Naanza saa tisa alasiri, na wa mwisho hutoka saa mbili unusu usiku.

Mama wa chini yangu amepanda juu na kanga yake ya ndani, kaniambia hapa watu wanaishi, kama nataka chuo nikakodishe chuo. Kwamba kesho ataita kanjo, yaani askari wa kaunti, na NEMA pia, wale wa mamlaka ya mazingira. Mkataba wa nyumba unasema "kwa makazi pekee". Je, kufundisha watoto saba ni biashara ya kuhitaji kibali? Nisaidieni kabla sijamjibu vibaya, maana ulimi unaniwasha.

Bwana Stima

Lipia kibali cha kaunti, kibandike ukutani, ulale. Kanjo akija akakuta karatasi hana la kusema.

Ajenti wa Nyali

Pole mwalimu. Bwana Stima amekupa nusu ya jibu, na ndiyo nusu inayokula pesa. Mimi nasimamia nyumba za watu, na kesi kama yako nazipokea sana: saluni ya chumbani, tuisheni, keki. Kibali cha kaunti kinakuruhusu kufanya biashara. Hakimfungi mwenye nyumba, na hakimnyamazishi mama wa chini.

Anza na mwenye nyumba. "Makazi pekee" ni kifungu kinachoweza kukutoa humo ndani hata kama una vibali kumi. Muombe ridhaa kwa maandishi: wanafunzi wangapi, siku zipi, saa zipi. SMS si mbaya, barua ni bora. Kama ghorofa hizo ziliuzwa mojamoja chini ya Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa vyumba, kuna pia shirika la wenye vyumba na kanuni zake. Muulize keateka, yule mtunza jengo, huenda ana nakala.

Halafu kaunti, na huko kuna madirisha mawili. Kibali cha biashara hutozwa kwa aina na ukubwa wa shughuli, na bei hufuata Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa hiyo usikubali bei ya kuambiwa mlangoni na mtu asiye na risiti. La pili ni idara ya mipango. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka ruhusa ukibadilisha matumizi ya jengo. Wewe bado unalala, unapika na kufua humo humo, na somo ni la saa chache sebuleni, kwa hiyo una hoja kwamba nyumba ni makazi bado. Lakini hoja hiyo iandike, uwapelekee, wakujibu kwa karatasi. Ukija kuajiri mwalimu wa pili na kutundika bango barabarani, hoja imekufa.

Kodi ya mauzo isikuumize kichwa. Saba mara 1,000 mara wiki 52 ni 364,000 kwa mwaka, hata bila kutoa likizo. Kodi ya mauzo ya asilimia 3 huanzia milioni moja. Ila ritani ya KRA, mamlaka ya kodi, ijaze kabla ya Juni 30 kama kawaida.

Sasa kelele, maana ndipo huyo mama ana nguvu. Kanuni za kelele za NEMA za 2009 zinaweka maeneo ya makazi desibeli 50 nje na 45 ndani mchana, usiku 35. Na "usiku" kwao unaanza saa mbili na dakika moja. Hiyo nusu saa yako ya mwisho ndiyo kesi yake yote. Kinanda kikipigwa kawaida chumbani kinapita 60 bila kujikaza. Tena kanuni hizo zinaangalia kama kelele ni ya mara moja au ya kujirudia, na yako ina ratiba!

Swali moja: wazazi wanaegesha wapi? Kwangu mimi malalamiko mengi ya "kelele" huishia kwenye gari lililoziba geti.

Mpiga Ngoma

Ajenti kamaliza sheria, mimi niongeze ufundi. Aliye chini hasikii wimbo, anasikia ko-ko-ko ya vidole na kishindo cha pedali kupitia sakafu. Ukimvalisha mtoto hedifoni hiyo inabaki palepale. Weka vipande vya mpira wa gurudumu chini ya miguu ya stendi, juu yake zulia nene, na pedali nayo ikae juu ya zulia. Kinanda kisigusane na ukuta. Fidla ina kile kiziba cha mpira cha kubana kwenye daraja, kile kijibao kinachoinua nyuzi, bei rahisi, inabaki kama inalia kwa mbali. Madirisha ya luva sikushauri ufunge, na joto letu hili utazimia na wanafunzi. Geuza spika ziangalie ndani.

Mwalimu wa Tudor

Ajenti, umepiga ramli? Tuktuk tatu husimama getini saa kumi na moja, na huyo mama ndiye mwenye kibanda cha viazi karai pale pale. Wateja wake hawapiti.

Nimeongea na mzazi wa yule mwanafunzi wa mwisho, somo lake linahamia Jumamosi asubuhi. Tuktuk zitashusha kwenye kona ya duka la dawa. Barua ya mwenye nyumba naandika leo. Kuhusu idara ya mipango: inatosha kupeleka barua kaunti, au lazima nipitie kwa mchoraji ramani aliyesajiliwa?

Ajenti wa Nyali

Barua kwanza, nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakihitaji ramani watakuambia. Na viazi vyake vinunue.