MF 375: pini za kawaida, mikono ya kuvuta, kulabu au fremu? Nabadilisha plau, haro na planta kila siku

Kibaigwa75

Wakuu, habari za kazi. Nina Massey Ferguson 375 ya mkono wa pili, injini yake ya Perkins haina neno. Nalima shamba langu na kukodisha kwa majirani huku Kongwa, upande wa Kibaigwa. Zana za kufunga nyuma ninazo tatu: plau la disc tatu, haro, na planta ndogo niliyonunua kwa ajili ya alizeti.

Kinachoniumiza kichwa ni kufunga na kufungua. Mvua ya Desemba ikishashuka kila mtu anataka shamba lake lianze. Asubuhi niko na plau kwa mteja, mchana mwingine anataka haro, jioni mke wangu anapiga simu planta irudi nyumbani kabla udongo haujakauka. Kila kubadilisha ni kurudi nyuma, kusogea mbele, kushuka, kukuta tundu na pini vimepishana upana wa kidole, kupanda tena. Utingo wangu anasimama katikati ya trekta na plau, analisukuma kwa mguu huku mimi nikirudisha nyuma kidogo kidogo. Hapo ndipo roho yangu inapokuwa juu juu. Klachi ikichomoka tu, mtoto wa watu kwisha.

Nimeona trekta nyingine zina mikono ya chini inayovutika, nyingine zina kulabu. Mitandaoni naona Wamarekani wana fremu yenye kulabu tatu, anarudi nyuma, ananyanyua, anaondoka. Na fundi wa kuchomelea hapa mjini ananiambia atanitengenezea pembetatu ya vyuma vya L kwa bei ya kirafiki. Ninyi mnatumia nini? Naomba wenye uzoefu, si wa kutangaza biashara.

DerevaKiteto

Mkuu, hayo yote mbwembwe. Nimeendesha trekta za matajiri Kiteto tangu sina ndevu na pini hazijanishinda. Unaanza mkono wa kushoto, maana huo hauna marekebisho. Ukishaingia, unakwenda wa kulia, ule wenye mpini wa kuzungusha. Unauzungusha, mkono unapanda au unashuka mpaka tundu liione pini. Mwisho toplinki, yaani mkono wa tatu wa juu katikati, nayo unaizungusha, inarefuka au inafupika. Kufungua unarudi kinyumenyume: toplinki, kulia, kushoto. Wanaohangaika ni wanaoanza kulia.

Nyingine: legeza cheni za pembeni, zile zinazozuia mikono ya chini isiyumbe, kabla ya kuanza. Ukiacha zimekaza, mikono haichezi hata sentimita, utasukuma plau mpaka kesho.

FundiIgurusi

Dereva wa Kiteto kasema kweli, na mpangilio huo ndio ninaowafundisha vijana hapa gereji. Ila swali la mwenye mada linaenda mbali zaidi. Anabadilisha zana kutwa, na ana mtu anayesimama katikati. Mtu akilima mwezi mzima na plau moja, pini zinamtosha na abaki nazo. Huyu sivyo.

Kabla hujanunua chochote, chukua tepu. Watu wengi huanza na duka, kisha ndiyo wanapima. Mfumo huu wa pointi tatu, yaani mikono miwili ya chini na toplinki, aliouleta Harry Ferguson miaka ya 1920 ulikuja kuwekewa madaraja, na kila daraja lina vipimo vyake. Daraja la 1: pini za chini milimita 22, ya juu 19, na upana kati ya mikono ya chini kama sentimita 68. Daraja la 2: pini za chini 28, ya juu 25, upana sentimita 82 na nusu. Daraja la 3 ni la trekta kubwa, tuliache. 375 yako ni daraja la 2. Zana zako je? Usiniambie "ni zilezile". Pima pini, pima upana, halafu pima kimo: kutoka usawa wa pini za chini kwenda juu mpaka tundu la toplinki kwenye zana.

Kimo hicho ndicho kinachoua ile fremu ya Wamarekani huku kwetu. Fremu yao imetengenezwa kwa zana yenye kimo cha inchi 15, yaani kama sentimita 38. Kipimo cha kimataifa cha daraja la 2 ni sentimita 61. Plau nyingi ninazoziona Mbarali zimetoka India, Brazil au kwa mafundi wa mjini, na kila moja ina kimo chake. Kulabu za chini zitashika vizuri, ya juu itabaki inaning'inia hewani. Zipo fremu ambazo kulabu ya juu inapanda na kushuka, lakini upana wa chini haubadiliki, ni ule ule uliotoka nao kiwandani.

Sasa pembetatu ya fundi wako. Pembetatu ni kitu kizuri, sikatai. Nusu moja inakaa kwenye trekta, nusu ya pili kwenye kila zana, unashusha, unarudi nyuma, unanyanyua, inajipachika yenyewe na kitasa cha juu kinafunga. Kwa bomba la kunyunyizia dawa au kisambaza mbolea, inafaa sana. Ila plau la disc si mzigo wa kubeba tu. Linasukumwa pembeni muda wote linapolima, na mzigo wote huo unapita kwenye pembetatu. Chuma cha L kilichochomelewa barabarani kitaanza kucheza msimu wa kwanza. Na kwenye Massey za aina yako haidroliki inasikia uzito wa udongo kupitia toplinki. Plau likiingia kwenye udongo mgumu, toplinki inasukumwa, spring inabonyea, mikono inanyanyua kidogo. Pembetatu ikicheza huko juu, habari inafika imechelewa na plau linapanda na kuzama kama mtumbwi kwenye mawimbi. Utadhani pampu imekufa. Nimeletewa trekta hapa mwenyewe ameshanunua pampu mpya, nikafungua pini iliyolika ya toplinki, nikaweka mpya, akalima.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: fremu yoyote unayoweka katikati inasogeza zana nyuma kama sentimita 10 au zaidi. Uzito unahama, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unaelea ukinyanyua plau kwenye mwinuko. Kama una rotavata, shafti ya PTO, ile inayopeleka mzunguko wa injini kwenye zana, nayo inavutika, bomba la ndani linabaki limeshika kidogo tu ndani ya la nje. Kwako hakuna rotavata, basi hilo lipite.

Zinabaki mbili, mikono ya kuvuta na kulabu. Mikono ya kuvuta: unabonyeza kitasa, ncha inatoka nje, unaivalisha kwenye pini ya zana hata kama trekta haijakaa sawasawa, unaweka klipu. Ukimaliza pande zote mbili unapanda, unarudi nyuma polepole mpaka usikie mlio wa kitasa, upande huu na huu. Mtu mmoja anatosha. Utingo anakaa pembeni, unamwona. Ubaya wake ni matope. Hapa kwetu kwenye mashamba ya mpunga zinajaa tope mpaka kitasa hakirudi, na mtu akinyanyua zana wakati ncha haijafunga anapinda mkono mzima. Kongwa kwenu ni vumbi na mchanga, ukiosha na kutia grisi zitakaa.

Kulabu: unavalisha gololi kubwa ya chuma kwenye kila pini ya zana, inabaki hapo hapo msimu mzima. Kulabu za trekta zinapita chini yake, unanyanyua, kitasa kinajifunga. Kuachia unavuta kamba ukiwa kwenye kiti. Ni raha, ila kila zana inahitaji gololi zake, na toplinki bado utashuka kuifunga kwa mkono kama nayo haina kulabu.

Kwa kazi yako ningeweka mikono ya kuvuta, plau na haro zote. Leta vipimo kwanza.

MkulimaMoiben

Hamjambo kutoka Uasin Gishu. Mimi ni mama, nalima mahindi na ngano, na tinga yangu ilikuja na hiyo mikono ya kuvuta. Nafunga haro peke yangu, kijana akiwa hajafika. Nakubaliana na fundi ila kuna kitu amekiruka: pale unapoiacha zana. Nusu ya taabu ya kufunga ni namna ulivyofungua juzi. Kama umeiacha plau kwenye mteremko, imelala upande, hata mikono ya dhahabu haitakusaidia.

Mimi nimemwaga zege sehemu ndogo kando ya ghala, pako sawa kabisa. Kila zana ina mahali pake, na chini ya plau naweka magogo mawili niliyoyakata kimo kinachofanya pini zikae usawa wa mikono ya tinga ikiwa imeshuka. Siku ya kurudi nalenga tu. Plau la disc lisilo na mguu wake wa kusimamia ni lazima uliwekee kitu, la sivyo linaegemea disc na kujipinda.

Na huyo utingo, kaka, mwondoe hapo katikati leo, usingoje vifaa. Kwangu sheria ni moja: tinga ikiwa inasogea hakuna mtu kati yake na zana. Ikisimama, gia nje, breki ya mkono juu, ndipo mtu anaingia.

DerevaKiteto

Mama wa Moiben amenena. Magogo hata mimi natumia. Zege tajiri wangu hatakubali, he he.

Naongeza kitu kwa madereva wanaosoma hapa: kuna watu wanafunga mnyororo sehemu ya toplinki wavute gogo au gari lililonasa. Trekta inainuka mbele na kumlalia dereva. Kuvuta ni chini, kwenye droba, kile chuma cha kuvutia nyuma ya trekta, basi. Na nondo siyo pini. Mkikata nondo mkaichomeka mahali pa pini, ikikatika barabarani plau linabaki kwenye lami.

Kibaigwa75

Nashukuru sana wakuu, na dada wa Moiben asante, utingo nimeshamtoa. Jioni hii nimepima na tepu ya fundi seremala.

Plau: pini za chini 28, upana 82, kimo 54. Haro: pini 28, upana 82, kimo 61. Planta: pini 22, upana 68, kimo 46. Kwa hiyo ndiyo maana planta ilikuwa inanitesa kuliko zote? Utingo alikuwa anavuta mikono ndani kwa kamba, na pini ikiingia inacheza kwenye tundu.

FundiIgurusi

Umejijibu. Planta yako ni daraja la 1, inafungwa kwenye trekta ya daraja la 2. Kamba si kosa, mikono lazima ikusanywe, ila pini ya 22 kwenye tundu la 28 inagonga kila unaponyanyua, tundu linakuwa yai, gololi ya ncha ya mkono, ile yenye tundu la pini, inaisha. Na planta ikicheza kushoto kulia, mistari yako ya alizeti inakuwa nyoka. Palizi utaijua.

Vipimo hivyo vimeshaiondoa fremu ya kulabu tatu. Upana wake haushuki mpaka 68, na vimo vyako vitatu hakuna hata kimoja kilicho karibu na 38. Pembetatu ingekubali, kwa sababu kila zana ingebeba nusu yake, lakini ya plau nimeshasema.

Fanya hivi. Nunua mikono ya kuvuta ya daraja la 2, seti nzima, kushoto na kulia, na uende na mkono wa zamani dukani mlinganishe urefu na tundu la kule kwenye trekta. Usikubali fundi akukatie mikono yako ya sasa na kuchomelea ncha mpya. Ule ni mkono unaobeba plau juu ya kichwa cha tairi, si geti la nyumba. Kwa planta nunua bushi, vile vibomba vya kuvalisha pini ijaze tundu, za kutoka 28 kwenda 22, zinauzwa kwenye maduka ya spea za Massey, na moja nyingine ya toplinki kutoka 25 kwenda 19. Ukishaifunga, kaza cheni za pembeni mpaka planta isitikisike. Ukirudi kwenye plau zilegeze, liweze kujitafutia njia, ila mikono isiguse tairi.

Kibaigwa75

Bushi zibaki kwenye pini za planta moja kwa moja, au nizitoe kila nikifungua?

FundiIgurusi

Ziache kwenye planta, uzizuie na klipu zisidondoke. Ukizitia kwenye boksi la spana, siku ya kupanda utakuta bushi moja.

MkulimaMoiben

Na uzipake rangi nyekundu, kaka. Kwangu zilizodondoka shambani tuliziona kwa rangi.