Baridi ya Julai Molo: nizibe wapi kwanza ili hita isimalize tokeni za umeme?

MamaWaTuron: Wadau, hamjambo. Nyumba ni ya mawe, mabati juu, siling'i ya plaiwudi, madirisha ya chuma. Hita ni ya wati 2000, na jioni nne tu inakula yuniti 32 ikiwaka kwa muda wa saa nne kila jioni. Chumba bado baridi. Chini ya mlango pana mwanya wa kidole. Nianzie hapo?

FundiElburgon: Mama, anza juu. Hewa ya moto hupanda na kutorokea kwenye kifuniko cha siling'i, matundu ya taa na pale siling'i inapokutana na ukuta. Ikitoka, ya baridi huvutwa ndani kupitia chini ya mlango. Subiri jioni ya upepo, funga kila kitu, washa udi na upitishe polepole kwenye kila kiungo. Moshi ukiyumba, tia alama ya chaki.

Nyufa za siling'i na ukuta zijaze kauki ya akriliki (ute wa kuzibia nyufa), maana silikoni haishiki rangi. Kifuniko kizungushie ukanda wa sponji wenye gundi. Ila usizibe nafasi ya hewa kati ya siling'i na mabati! Mvuke utageuka maji chini ya mabati, udondoke na kuozesha plaiwudi.

Kioo_na_Puti: Madirisha ya chuma yana kasoro mbili tofauti. Puti iliyopasuka ibandue, piga msasa kutu, paka redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu), ikauke, ndipo utie puti mpya. Sehemu inayofunguka inataka sponji ya milimita 3. Nene zaidi, dirisha halifungi na mkono wa dirisha unapinda. Futa chuma kwa spiriti kwanza, la sivyo gundi inabanduka wiki hiyo hiyo. Kati ya fremu na ukuta, mkebe mmoja wa kauki wa mililita 280 ukitoa uzi wa milimita 6 unafika kama mita 10, yaani madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 1.2.

MamaWaTuron: Asanteni sana. Na yale matundu ya hewa juu ya dirisha, niyajaze magazeti? Usiku mwingine tunaingiza jiko la makaa.

FundiElburgon: Hapana, tafadhali. Makaa hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Matundu yabaki wazi, lakini hata yakiwa wazi, jiko lisilale ndani. Kichwa kikiuma au miguu ikilegea, tokeni nje wote mara moja. Mwanya wa chini ya mlango uzibe mwisho: mpira wenye ukanda wa alumini, skrubu upande wa ndani, uguse sakafu bila kukwaruza.